Nyumba Iliyouma Watu

Siku Elina alipokufa, Kwandu alikuwa juu ya ngazi katika gesti moja mjini Bariadi, akifunga taa ya korido. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Mvua ya kwanza ya Novemba ilikuwa imekatika muda si mrefu, na mabati yalikuwa bado yanadondosha maji. Mwenye gesti, mama mmoja mcheshi asiyeisha maneno, alikuwa chini akizungumza kwa simu. Mara sauti yake ikakatika, akaketi sakafuni na simu ikiwa sikioni.

"Elina?" alisema. "Elina yupi? Huyu wetu, mke wa Sylvester?"

Kwandu aliacha kukaza skrubu.

"Umeme umemuua," yule mama alimwambia, akimtazama kule juu kama vile yeye fundi angeweza kuukanusha uvumi huo. "Wifi yangu. Alikuwa anatoa barafu kwenye friza. Barafu tu, jamani!"

"Wanakaa wapi?"

"Barabara ya Sapiwi. Ile nyumba ya bati la bluu iliyopakana na jabali."

Kwandu alishuka ngazi polepole, kama mtu aliyesahau ngazi inavyoshukwa. Nyumba ile aliifahamu. Kila waya uliokuwa ndani ya kuta zake aliupitisha yeye kwa mikono yake, miaka minane iliyopita.

Alizaliwa Mwamapalala, mtoto wa nne wa mkulima wa pamba. Umeme ulipofika katika shule aliyosoma alikuwa kidato cha tatu. Taa za darasani zilipowaka mara ya kwanza, wenzake walipiga makofi na vigelegele. Yeye alitoka nje kwenda kutazama waya unaingilia wapi. Baba yake alitaka asomee ualimu. Kwandu akaenda chuo cha ufundi, darasa la watu kumi na tisa, msichana akiwa yeye peke yake. Wenzake walimwita Shemeji wa Nguzo. Alicheka nao, akamaliza wa pili.

Mafundi wa mjini hawakumtaka. Walisema mteja akiona mwanamke anapanda darini atadhani amepunjwa. Aliyemchukua ni fundi Machibya, mtu mnene mwenye sauti ya chini, ambaye pikipiki yake ilijulikana Bariadi nzima kwa sababu ya paipu nyeupe zilizofungwa ubavuni kama mikuki. Machibya hakuwa na maneno mengi wala wivu wa kazi. Alimfundisha kugusa ukuta kwa nyuma ya vidole na si kwa kiganja. Alimfundisha kuweka mkono mmoja kazini na mwingine mgongoni, ili umeme ukimpata usipite kifuani. "Umeme hauna chuki na mtu," alikuwa akisema. "Unatafuta ardhi tu. Usijiweke njiani."

Mwaka ule nguzo zilikuwa zimefika vijijini na kila mtu alitaka awashe taa kabla ya Krismasi. Machibya na Kwandu walikuwa wakifunga nyumba mbili kwa siku. Waliifikia nyumba ya Sylvester mchana wa jua kali. Kilichobaki ilikuwa ethi rodi, ile fimbo ya shaba inayozamishwa ardhini ili umeme ukipotea njia upate pa kukimbilia. Ina urefu wa futi nne na yote inatakiwa kuzama. Kwandu aliipiga nyundo. Ilizama futi moja na nusu, ikagonga mwamba. Akapiga hadi kichwa cha shaba kikafunguka kama uyoga na mikono ikafa ganzi. Haikwenda hata inchi moja.

"Niihamishie kule nyuma ya jiko?" aliuliza. "Kule kuna udongo."

Machibya alitazama saa. "Kata."

"Nikate?"

"Fomu ya ukaguzi inauliza kama ipo. Haiulizi ina urefu gani."

Kwandu alichukua msumeno wa chuma, akaikata fimbo pale ilipotokeza, akafunga waya wake, akafukia na kukanyagakanyaga udongo ukawa sawa. Alipoinua kichwa alimwona Elina amesimama karibu naye, bi arusi wa miezi mitatu, ameshika jagi la maji na kisahani cha karanga.

"Dada," Elina aliuliza, "sasa hii haitatuuma?"

"Haiumi, mama," Kwandu alimjibu. Wakacheka wote wawili.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Mwaka ule walikata fimbo katika nyumba kumi na moja.

Machibya alifariki miaka miwili kabla ya Elina, kwa kisukari. Kufikia hapo Kwandu alikuwa na leseni yake, pikipiki yake na jina lake. Aliolewa na Januarius, mkulima wa mpunga na mpiga kinanda wa kwaya ya parokia, wakapata binti. Kwandu ndiye aliyefunga umeme wa kanisa jipya bila kudai ujira, na Jumapili aliimba sauti ya pili chini ya taa alizozifunga mwenyewe. Katika kazi zake mwenyewe hakuwahi kukata fimbo hata moja. Alikuwa akijiambia kwamba zile za zamani zilikuwa za Machibya, na kwamba mambo ya Machibya yamezikwa naye.

Kwenye msiba alikwenda na Januarius. Wanawake walikuwa wameketi mikekani, na kila aliyeingia alisimuliwa upya. Elina alikuwa akiuza juisi ya ubuyu na barafu. Friza lilikuwa la mitumba, na kwa wiki kadhaa lilikuwa likiuma. Ukiligusa unahisi kama siafu wanakutembea mkononi. Mpini wa mlango wa chuma nao ulikuwa unauma, na pampu ya maji. Watoto wa jirani walikuwa wakiiita nyumba ile "nyumba inayouma", wakishindana nani atathubutu kuigusa. Asubuhi ile mvua iliingia ndani, sakafu ikalowa. Elina alitembea peku, akaufunua mfuniko wa friza kwa mkono wa kulia. Sylvester alimkuta bado ameushikilia.

"Polisi wameandika friza bovu," alisema mwanamke mmoja aliyekaa mbele ya Kwandu.

"Mafriza mabovu yapo kijiji kizima," mwingine alijibu. "Kwa nini hili, na kwa nini mkono uleule?"

Kwandu aliuliza mkono uleule upi. Wakamweleza kwa kunong'ona. Wiki mbili kabla ya kifo, mbuzi wa bibi Milembe waliingia kwenye shamba la pamba la Elina. Elina aliwarushia jiwe, likampata mbuzi mwenye mimba, mimba ikaharibika. Milembe, ambaye ni shangazi yake Sylvester na anaishi kibanda cha pili kutoka pale, alikuja hadi uani akasema mbele ya watu: "Mkono huo ulioua mtoto wa mbuzi wangu, utakauka."

Kwandu alitazama huku na huku. Milembe hakuwepo msibani. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alifunga khanga vizuri na kusema, "Hawezi kuja. Anajua alichofanya."

Pale ndipo Kwandu angeweza kusema. Baadaye aliirudia dakika ile mara nyingi: mikeka, jua, moshi wa jiko la msibani, na jinsi ambavyo sentensi ingekuwa fupi. Hakusema. Alikula wali wa msiba, akapanda pikipiki nyuma ya mume wake, akarudi mjini.

Mambo yalianza wiki ile. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya duka moja la nguo, akizamisha ethi rodi, jua la saa nane likimchoma shingo, alipohisi baridi mgongoni. Haikuwa baridi ya upepo, ilikuwa baridi nzito ya friza lililofunguliwa. Pamoja nayo ikaja harufu ya ubuyu. Aligeuka haraka. Palikuwa na ukuta, kivuli cha ukuta, na kuku. Akageukia kazi yake. Baridi ikarudi ikatulia pale pale, kama mtu aliyesimama karibu akingoja jibu.

Ikawa hivyo kila alipopiga magoti. Alipokuwa darini au juu ya ngazi hakusikia kitu. Akishuka kwenye ardhi tu, yule mtu alikuja. Mara moja, kwenye nyumba ya mwalimu huko Busega, aliona sakafu ya saruji iliyokuwa kavu ina alama mbili za nyayo zenye maji, ncha za vidole zikimwelekea yeye. Zilikauka akiwa anazitazama. Alimwuliza mwalimu kama kuna mtu amepita. Mwalimu akasema wako wawili tu.

Nyumbani aliacha kugusa mpini wa mlango kwa kiganja. Binti yake akamwona anavyougusa kwa nyuma ya vidole, naye akaanza kuiga. Kwayani, Jumapili ya pili ya Majilio, alifungua mdomo na sauti haikutoka. Januarius aliendelea kupiga kinanda huku akimtazama juu ya kitabu cha nota.

Wiki ya tatu ya Majilio Sylvester alimpigia simu.

"Fundi, wewe ndiye uliyetufungia na marehemu Machibya," alisema. "Friza nimelitoa. Lakini mlango ukiugusa nafsi bado inashtuka, sijui ni umeme au ni woga. Mama yangu amemleta mfumu, mganga wa kienyeji, amefunga kitu kwenye mita. Mimi nataka fundi aniambie."

Alikwenda. Sylvester alikuwa amekonda, shati lake lina vifungo viwili tu. Juu ya mita ya LUKU palining'inia kifurushi cheusi kilichofungwa kwa uzi mwekundu. Kwandu alizunguka nyuma ya nyumba hadi mahali alipopajua, akafukua kidogo, akaunganisha mita yake ya kupimia. Ilipaswa isome namba ndogo, chini ya kumi. Ikasoma mia sita arobaini. Akapima tena. Mia sita arobaini.

Aliielewa siku nzima ya Elina katika namba ile. Friza lilipovujisha umeme, umeme ulifuata waya wa ethi kwenda ardhini kama ulivyoagizwa, ukakuta mlango umefungwa kwa mwamba. Ukarudi ukakaa kwenye kila chuma cha nyumba ukingoja. Breka haikukatika, kwa kuwa breka hukatika pale umeme unapopata njia pana. Njia pana haikuwepo hadi Elina aliposimama na miguu yake yenye maji.

"Ni friza tu, eti?" Sylvester aliuliza nyuma yake.

"Friza lilikuwa bovu," Kwandu alisema. Akaingia ndani, akazima swichi kubwa. "Usiwashe hadi nirudi na vifaa."

"Wabeja, asante, dada." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe tu ndiye umekuja bila kuniambia habari za wachawi."

Kwandu alipokuwa akiondoka na pikipiki alimkuta mwanamke mzee barabarani, mbali na nyumba, ana ndoo kichwani na fimbo mkononi. Alikuwa akitembea pembeni kabisa, karibu na miiba, kama mtu aliyezoea kupisha. Kwandu alizima injini.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimia mama yake.

Yule mzee alishtuka hadi maji yakamwagika begani. Alisimama, akamtazama usoni kwa muda. "Unanisalimia mimi?"

"Ndiyo, mayu."

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Wewe si wa hapa." Akashusha ndoo. Ndani yake maji yalikuwa ya rangi ya chai, ya bwawa la ng'ombe. Kisima cha kijiji kilikuwa nyuma yao, hatua mia mbili tu. "Hapa hawanisalimii tena. Wamekaa dagashida, mkutano wao wa kijiji, wamenitenga. Sipewi moto, sipewi maji, na anayenisalimia anatozwa ng'ombe. Ondoka wasikuone."

"Wewe ndiye Milembe?"

"Ndimi." Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi wa kuni mbichi. "Unajua, hata mimi siwalaumu. Nilisema neno. Nilikuwa na hasira ya mbuzi wangu, neno likatoka. Nilidhani maneno ya hasira hayaendi mbali." Alitazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza. "Usiku ninamwomba yule mtoto, Elina, anisamehe. Sikujua kama nina nguvu hiyo."

Kwandu alishika usukani wa pikipiki.

"Mayu, si wewe."

"Ndivyo mnavyosema ninyi mliosoma," Milembe alisema kwa upole. Akaomba asaidiwe kutwika ndoo. Kwandu akamtwisha, na alipoinua ndoo ile baridi ilimpiga mgongoni kwa nguvu kuliko siku zote, katikati ya barabara, mchana kweupe, ingawa hakuwa amepiga magoti.

Alimsimulia Januarius jioni ile wakipepeta mpunga. Isipokuwa ile baridi, hakuficha kitu. Januarius aliweka ungo chini.

"Machibya ndiye aliyesaini ile fomu," alisema.

"Msumeno nilishika mimi."

"Wanaweza kukunyang'anya leseni. Wanaweza kukufunga, Kwandu. Tuna mtoto."

"Najua."

"Na yule Sylvester akishika panga?"

"Januarius, bibi yule anaamini kweli kwamba ameua."

Mume wake alirudi kwenye ungo, akapepeta mara mbili tatu, makapi yakaruka yakamwangukia miguuni. Halafu akasema, "Tutakwenda wote. Lakini usiende kwa Sylvester peke yake. Mambo waliyoyasema mkutanoni yajibiwe mkutanoni."

Walimtafuta mwenyekiti wa kitongoji, mzee mmoja mkavu aitwaye Ng'washi, wakamwambia fundi amegundua jambo. Jumamosi asubuhi watu kama arobaini walikusanyika nyuma ya nyumba ya bati la bluu, walinzi wa sungusungu wakiwa na fimbo zao, wanawake wakiwa wamesimama kando. Sylvester aliketi juu ya tofali. Milembe hakuruhusiwa kusogea. Alionekana kwa mbali mlangoni pa kibanda chake.

Kwandu alikuwa ameleta rodi mpya. Akaiinua wote waione. "Hii ndiyo inayotakiwa kuwa chini ya kila nyumba yenye umeme. Ina futi nne." Kisha akachukua jembe akafukua. Hakuhitaji kufukua sana. Alipiga magoti, akashika ile ncha ya shaba iliyokatwa, akaitikisa, akaivuta kwa mkono mmoja. Ilitoka kama muhogo. Akaishikilia kando ya ile mpya.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamziba mdomo.

"Niliikata mimi," Kwandu alisema. "Iligonga mwamba, na badala ya kuihamishia kule nyuma ya jiko nikaikata, nikafukia. Elina aliniuliza kama itauma, nikamwambia haiumi. Friza lilipoharibika, hii ndiyo ingemwokoa. Bibi Milembe hakufanya kitu. Maneno yake hayakufanya kitu. Ni mimi."

Ng'washi aliipokea ile fimbo fupi, akaipima kwa shubiri, akampa mlinzi aliyekuwa karibu. Ilizunguka mkono kwa mkono.

"Umesema vizuri, binti," alisema mwishowe. "Umekuwa na moyo. Lakini mimi nauliza jambo moja. Mwaka huo ulikata katika nyumba ngapi?"

"Kumi na moja."

"Katika nyumba hizo nyingine kumi, amekufa nani?"

Kwandu alitazama ile fimbo fupi ikipita mikononi mwa walinzi.

"Unaona? Mchawi hana mikono. Anatumia mikono ya watu. Nani alikutia moyoni ukate hapa?" Watu wakaguna kwa kukubali. Kwandu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuja na ukweli wake akidhani ni mzito kiasi cha kuvunja ukuta, nao wakaupokea vizuri kabisa na kuujengea ndani ya ukuta.

Sylvester aliinuka kutoka kwenye tofali. Kelele zikatulia. Januarius alisogea karibu na mke wake. Lakini Sylvester hakuwa na kitu mkononi. Alikuja hadi mbele ya Kwandu akasimama.

"Kule nyuma ya jiko," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Kule kuna udongo?"

"Upo."

"Ingekuchukua muda gani kuihamishia kule?"

Kwandu alitaka kudanganya. "Nusu saa."

"Nusu saa," alirudia Sylvester. Akatikisa kichwa kama mtu anayejaribu kuliweka neno hilo sawa masikioni. Alikwenda jikoni, watu wakadhani anakwenda kutafuta silaha, mlinzi mmoja akamfuata. Alitoka na kigae chenye makaa yanayowaka. Alipita katikati ya mkutano bila kumtazama mwenyekiti, akavuka uwanja, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha shangazi yake. Wakamwona anainama na kumwekea moto mlangoni. Kisha akachukua ndoo ya shangazi iliyokuwa tupu akaelekea kisimani.

"Sylvester!" Ng'washi aliita. "Utatozwa!"

"Nitozeni," Sylvester alisema bila kugeuka.

Aliporudi na maji alipita karibu na Kwandu. "Weka hiyo mpya nyuma ya jiko," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ukimaliza uondoke. Usije tena hapa. Nikikuona mahali, usinisalimie."

Kwandu aliizamisha rodi nyuma ya jiko. Ilichukua dakika ishirini na tano. Watu walikuwa wameondoka, Januarius ndiye aliyemshikia. Baridi ilikuwepo mgongoni kwake tangu pigo la kwanza hadi la mwisho, na hakugeuka.

Jumatatu alijipeleka mwenyewe. Aliandika maelezo kurasa tatu. Polisi walimweka siku mbili, kisha wakamwachia kwa dhamana. Kesi iliendelea hadi katikati ya mwaka, akahukumiwa kifungo cha nje cha miaka miwili. Leseni ilisimamishwa. Mwenye gesti aliyekuwa mteja wake wa miaka mingi alimrudishia ngazi yake aliyoisahau, akaiegemeza getini bila kubisha hodi. Kwaya haikumfukuza, lakini alikaa nyuma. Alikwenda shambani na Januarius, yeye mtoto wa pamba akajifunza kupandikiza mpunga, maji yakimfika magotini.

Zile nyumba kumi hakuziacha. Aliziandika katika karatasi ya ushahidi wake, na fundi mwingine, Anatoli, waliyesoma naye chuoni, alikubali kufanya kazi na kusaini. Kwandu alikwenda naye kila mahali kuonyesha penyewe. Wengine waliwatolea viti. Mmoja aliwafukuza na mbwa. Huko mjini kwa mama Mboni, muuza vitenge, sehemu ile ilikuwa imeshafunikwa kwa vigae vipya, naye akakataa katakata visivunjwe. Kwandu aliketi barazani kwake tangu asubuhi, wateja wakipita na kumtazama. Saa tisa mama Mboni alitoka na nyundo. "Vunja basi," alisema. "Unanitisha ulivyokaa hivyo. Kama maiti."

Alipomaliza ya kumi alidhani baridi itamwacha. Haikumwacha. Ilikuja hata shambani, ndani ya maji ya mpunga yenye vuguvugu, alipoinama.

Milembe hakukaa pale kijijini. Sylvester aliendelea kumpelekea moto na maji, akatozwa ng'ombe, akamtoa. Lakini wengine hawakumsalimia, na mbuzi wake wawili walikutwa wamekatwa miguu. Mwezi wa nne binti yake alimchukua kwenda kuishi naye Mwamanyili. Kwandu alipata habari hiyo kwa Anatoli. Kesi ilipokwisha alipanda basi akaenda.

Alimkuta ameketi mbele ya nyumba ya tope, akichambua maharage kwenye ungo. Milembe alimtambua kwa sauti, macho yake yakiwa yamefifia zaidi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone. Wewe ni yule wa pikipiki."

Kwandu aliketi chini. Akamsimulia yote tena, kwa Kisukuma safari hii, polepole, kuhusu mwamba na msumeno na nusu saa. Alimwomba radhi kwa kumwacha atembee na ndoo ya maji ya bwawa siku zile zote huku yeye akijua. Milembe alisikiliza bila kusimamisha vidole vyake. Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa na mkono," alisema, "na mimi nilikuwa na mdomo."

"Mdomo wako haukufanya kitu, mayu. Nakuapia."

"Unaniapia." Milembe alitabasamu kidogo. "Anakuja kwako?"

Kwandu hakuwa amemwambia mtu habari zile, hata mume wake.

"Anakuja," alisema.

"Na kwangu. Analeta baridi."

Mtaani mtu alikuwa akiwasha mashine ya kusaga, ikakohoa, ikazimika, ikawaka. Milembe alisukuma ungo katikati yao, akagawa maharage marundo mawili.

"Chambua hayo ya kwako," alisema. "Binti yangu akirudi atasonga ugali. Mboga ya nsansa ipo. Hapa watu hawali chakula changu, yeye peke yake. Wewe utakula?"

"Nitakula, mayu."

Kwandu alivuta rundo lake karibu, akaanza kuchambua.